Suala la Utunzi katika Upokezi wa Under My Skin (2004), Albamu ya Pili ya Avril Lavigne

Albamu ya Under My Skin ya mwimbaji wa Kanada, Avril Lavigne, ilitolewa mwezi Mei 2004 ikiwa imebeba mzigo ambao haikujitwisha yenyewe. Albamu yake ya kwanza, Let Go (2002), ilikuwa imeuzwa kwa mamilioni ya nakala, na nyimbo zake tatu zilizovuma zaidi, yaani “Complicated”, “Sk8er Boi” na “I’m with You”, zilitungwa kwa ushirikiano na kundi la watunzi na watayarishaji liitwalo The Matrix. Mwaka 2003 ukazuka mvutano wa hadharani kuhusu nani hasa aliyezitunga: kundi hilo lilidai kuwa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa yao, naye Lavigne akashikilia kuwa yeye ni mtunzi kamili. Kwa sababu hiyo albamu ya pili ilipokelewa kama kielelezo katika shauri kabla haijasikilizwa kama muziki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba upokezi wa namna hiyo uliwaelekeza wahakiki kwenye majina yaliyoandikwa jaladani, ukawapitisha kando ya nafsineni inayosema ndani ya nyimbo zenyewe.

Katika kazi hii Lavigne aliachana na The Matrix. Sehemu kubwa ya nyimbo alizitunga pamoja na Chantal Kreviazuk, mwimbaji na mpiga piano wa Kanada. Nyingine alishirikiana na Evan Taubenfeld aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi yake, Butch Walker, Raine Maida wa Our Lady Peace, na Ben Moody aliyekuwa ametoka Evanescence. Kabla ya albamu kutoka, alizunguka katika majumba ya maduka ya Marekani na Kanada akiimba bila kiingilio, akisindikizwa na gitaa la Taubenfeld. Ziara hiyo ilikuwa ya kibiashara, hilo halifichiki, lakini ilikuwa pia jibu kwa waliomtilia shaka: sauti na gitaa, bila mitambo ya studio ya kumficha mtu. Kejeli ni kwamba ushahidi huo wa uhalisi ulitolewa katikati ya maduka.

Kwa upande wa mauzo hapakuwa na mjadala. Albamu iliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Billboard ya Marekani kwa nakala zaidi ya 380,000 katika wiki yake ya kwanza, ikashika nafasi hiyo pia Kanada na Uingereza, na mwaka 2005 ikapata tuzo ya Juno ya albamu bora ya pop. Wahakiki ndio waliogawanyika. Waliosifu waliona ukomavu wa binti wa miaka 19 aliyeanza kusema yake. Waliokosoa waliona kuwa huzuni ya albamu ni vazi la msimu lililoazimwa kutoka bendi za roki nzito za miaka ile. Makundi haya mawili, pamoja na kupingana kwao, yalitumia kigezo kimoja: je, hisia hizi ni zake kweli? Msomaji aliyelelewa na taarabu atakiona kigezo hicho kuwa cha ajabu kidogo, kwani huko mtunzi wa mashairi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili, na hakuna anayemwita mwimbaji mwongo kwa sababu hiyo.

Kigezo hicho kinashindwa waziwazi katika “Nobody’s Home”, wimbo uliotungwa na Lavigne pamoja na Moody. Nyimbo nyingi za albamu zinatumia nafsi ya kwanza inayomshtaki nafsi ya pili, muundo ambao pop-panki imeuzoea sana; “My Happy Ending” ni mfano wake kamili. Katika “Nobody’s Home”, hata hivyo, nafsineni inajiondoa na kumsimulia msichana asiye na pa kurudi, kwa nafsi ya tatu. Anayesimulia anamwona, wala hamwokoi. Hapa huzuni haitegemei wasifu wa mwimbaji hata kidogo, na ndipo inaposadikika zaidi. “Slipped Away”, wimbo unaofunga albamu, unaelekea upande wa pili: unamwombolezea babu yake Lavigne. Kama wahakiki walitafuta maumivu yenye anwani, yalikuwa pale, mwisho kabisa, katika wimbo ambao haukutolewa kama singo.

“Don’t Tell Me” nao unastahili kuzingatiwa kuliko ulivyozingatiwa. Ni wimbo wa kumkatalia mwanamume anayeshinikiza, na nguvu yake iko katika mpangilio: beti zinaanza kwa utulivu wa gitaa, kisha kiitikio kinapanda kwa ngoma na magitaa mazito, hivyo kwamba hasira inasikika kama uamuzi uliokwisha kufikiriwa. Ni fani inayobeba maudhui, si suala la nani aliandika mstari upi.

Lawama za wakosoaji hazikuwa bure. Msamiati wa albamu ni mwembamba. Maneno ya kupotea, kuvunjika na kuwa peke yake yanarudi mpaka yanachakaa, na “Freak Out” una kelele nyingi kuliko wazo. Udhaifu huo ni wa lugha, na ungebaki palepale hata kama Lavigne angetunga kila neno akiwa peke yake.

Mwaka 2007 alitoa The Best Damn Thing, albamu ya makelele ya furaha, na wimbo wake “Girlfriend” ukafika kileleni mwa orodha ya nyimbo ya Billboard. Ikiwa giza la 2004 lilikuwa ushahidi wa ukweli, basi wepesi huu ungelazimika kuwa ushahidi wa uongo. Na kigezo cha uhalisi hakina namna ya kueleza jinsi mtunzi yuleyule, katika muda wa miaka mitatu, alivyoweza kuimba yote mawili.