Ufundi wa Kuzuia Mkono

Kuweka mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, ndani ya kompyuta moja si muujiza. Diski hugawanywa, kila mfumo ukapewa patisheni yake, na programu ndogo iitwayo GRUB humuuliza mtumiaji anataka kuwasha upi. Ufundi wenyewe hupimwa siku mfumo mmoja unapopigwa juu ya mwingine na mwenye mashine akaamini kila kitu kimekwisha. Hapo fundi hodari hutambulika kwa kile anachojizuia kufanya: haandiki chochote kwenye diski ile mpaka ajue ni kitu gani hasa kilichofunikwa.

Kujizuia huko kuna sababu zake. Katika mpangilio wa zamani wa diski, MBR, sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512: 446 za msimbo wa kuwashia, 64 za jedwali la patisheni, na 2 za alama ya kufungia. Windows ikipigwa baada ya Linux huandika msimbo wake katika zile 446. Linux hutoweka machoni ilhali faili zake zote zipo, na kurudisha GRUB kwa kutumia flashi hutosha. Mpangilio mpya, GPT, huweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, nayo huhifadhi nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa patisheni. Kwa hiyo jedwali likifutika ni kama daftari la ardhi kuungua: mipaka haipo tena ofisini, lakini nyumba zimesimama. TestDisk, programu huria ya Christophe Grenier, hutegemea ukweli huo. Hupekua diski ikitafuta dalili za patisheni zilizokuwepo, kisha huchora mipaka upya.

Ila ufundi huu una kikomo, na kukikiri ni sehemu ya uhodari. Pale data mpya ilipokalia data ya zamani, hakuna programu itakayoirudisha. Kwenye SSD hali ni ngumu zaidi, kwani amri ya TRIM huiambia diski sehemu zipi hazitumiki tena, nayo yaweza kuzisafisha yenyewe hata kama hakuna anayeandika. Ndiyo maana utaratibu ni ule ule: zima mashine, nakili diski nzima kwa programu ya ddrescue, kisha hangaika na nakala. Na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, na ufunguo haupo, fundi mwaminifu husema mapema kwamba hapa hakuna la kufanya.

Wapo watakaosema kwamba mwenye bakapu hahitaji haya. Ni kweli, na mafundi wa kazi hii ndio wa kwanza kuisisitiza bakapu. Lakini ushauri huo humfaa aliyeupata kabla ya ajali. Wengine watauliza kwa nini kugawa diski wakati mfumo wa pili unaweza kuendeshwa ndani ya wa kwanza. Jibu ni kwamba mifumo miwili ikifanya kazi kwa pamoja hugawana RAM, na mashine kongwe hulemewa. Ikiwashwa kwa zamu, kila mmoja hupata mashine nzima. Hoja hii ina uzito zaidi tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali mashine nyingi zilizo nzima hazitimizi masharti ya Windows 11, na wenye nazo wana sababu ya kuongeza Linux.

Pingamizi gumu ni la bei: kupiga Windows upya ni haraka na rahisi, na mteja huondoka na mashine inayowaka. Lakini Windows hupatikana popote. Picha, hesabu na tasnifu za mteja zilikuwa kwenye diski ile tu. Anayepiga upya bila kuuliza huenda akafuta kitu pekee kisicho na mbadala. Basi saa ambayo fundi ameitumia kusoma diski bila kuiandika nayo ni kazi, na inastahili malipo.