Upande wa Baridi

Kijijini kwetu Ziwani nyoka hafugwi. Akionekana kwenye mkorosho au darini, anaitwa kijana mwenye fimbo ndefu, na habari yake inaishia hapo. Kwa hiyo siku mpwa wangu aliyeko Uingereza alipotupigia simu ya video, akatuonyesha sanduku la mbao la mwenzake wa nyumba, na ndani yake chatu mdogo wa Afrika Magharibi amejiviringa kama ngata, shangazi alinyanyuka mkekani akaenda zake jikoni huku akitema mate. Mjomba hakunyanyuka. Mjomba ni seremala, amestaafu kwa jina tu, na jambo lililotengenezwa kwa mbao halimpiti. Aliisogeza simu machoni, akaachana na chatu, akakagua viungo vya sanduku na taa iliyoning'inia ndani.

"Mjukuu wangu, huyo mdudu akizidiwa na joto anakimbilia wapi?"

Kijana akacheka, kisha akanyamaza. Taa ilikuwa katikati kabisa ya sanduku. Pa kukimbilia hapakuwapo.

Nimelifikiria swali lile kwa muda mrefu kuliko nilivyomfikiria chatu. Nyoka hana tanuri tumboni kama sisi au kuku. Joto lake ni la kuazima: analichukua juani, kwenye jiwe, kwenye mchanga uliopigwa na jua tangu asubuhi, na likimtosha anajivuta kivulini. Siku nzima yuko katika biashara hiyo ya kwenda na kurudi. Ukimweka ndani ya sanduku, umemnyang'anya njia. Basi fundi inambidi aijenge njia upya kati ya mbao sita: upande mmoja kwa chatu wa namna ile uwe kama nyuzi 31 au 32, upande wa pili 25 au 26, na kati yake mteremko wa joto anaoweza kuupanda na kuushuka apendavyo. Kupasha sanduku moto hata mtoto anaweza. Kuacha baridi ibaki mahali pake, hapo ndipo ufundi ulipo.

Mjomba hajawahi kutengeneza sanduku la nyoka na hatatengeneza. Anachotengeneza ni bruda, sanduku la kulelea vifaranga, na ametengeneza mengi yaliyosambaa hadi Nanguruwe. Anatumia mbao za mwembe kwa kuwa ni rahisi, na plaiwudi kwa kuta. Cha kwanza anachofanya akishagongelea kuta ni kuziua pembe. Anapinda vipande vya plaiwudi akaziziba navyo, sanduku likawa na tumbo la mviringo ndani, kwa sababu vifaranga wakiona baridi hukimbilia pembeni wakapandana, na asubuhi unaokota waliokufa chini ya wenzao. Taa anaitundika upande mmoja, kamwe si katikati. Inaning'inia kwa kamba ya katani yenye mafundo manne, kila fundo limeachana na jingine vidole vinne. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki zinapunguzwa kama tatu hivi mpaka manyoya yaote. Mjomba hazungumzi kwa nyuzi. Anasema, "Panda fundo moja," na taa inapanda.

Kipimajoto anacho, nilimnunulia mimi. Anakitumia kubana karatasi.

Yeye anasoma vifaranga. Alfajiri anainamia sanduku, mikono nyuma, hasemi na mtu. Wakiwa wamerundikana chini ya taa wakilia kwa sauti nyembamba ya kukatika, wana baridi, anashuka fundo. Wakiwa wamekimbilia ukuta wa mbali, midomo wazi, mabawa wameyaachia, wamechomwa, anapanda. Wakiwa wametapakaa ovyo, huyu anadonoa, yule amelala kajinyoosha kama mlevi, sauti yao ni mvumo mmoja tu wa chini, anaondoka kwenda kunywa chai. Na haya yote yanategemea ule upande wa baridi. Bila huo kifaranga hana namna ya kukueleza kitu, atakufa tu.

Mimi nililipuuza hili mara moja. Nilijitengenezea bruda yangu mwezi wa Julai, kusi inavuma na usiku wa pwani una ubaridi wake, nikafunga balbu kwenye holda ya plastiki, nikaining'iniza kwa waya wake wenyewe, chini kabisa, juu ya maranda makavu. Nikalala nikijisifu. Saa tisa usiku niliamshwa na harufu kama ya mtu anayechoma chungu. Holda ilikuwa imelainika, balbu imeshuka mpaka imegusa maranda, na duara jeusi lilikuwa linatanuka polepole bila mwali. Nilimwaga ndoo ya maji juu ya kila kitu, umeme haujazimwa, jambo ambalo ningemkanya mtu yeyote asilifanye. Mjomba alipokuja asubuhi hakunigombeza. Alikwangua ubao uliokuwa juu ya taa kwa ukucha, akanionyesha rangi ya kahawia iliyoingia ndani. Ubao unaopigwa na moto kila siku, alisema, unakauka mpaka unakuwa nusu mkaa, na siku moja unashika kwa joto ambalo zamani uliliweza.

Kwa hiyo holda iwe ya kauri. Taa ibebwe na mnyororo au kamba, waya usibebe uzito. Iwe na kikapu cha wavu wa chuma, na kati ya kikapu na ubao pawe na nafasi ya kutosha kiganja kukaa bila kuungua. Kikapu hicho kwa nyoka kina umuhimu zaidi, maana nyoka atajizungusha kwenye balbu yenyewe na kuungua tumbo kabla hajajua anaungua. Wenzetu wa Ulaya huongeza themostati inayokata umeme joto likipita kiasi, na hicho ni kifaa ambacho hata mjomba angekisalimia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana; hewa yake ya sumu haina harufu. Umeme ukikatika mjomba anaweka madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kanga, upande uleule wa taa.

Wazo hili la kumwachia mnyama achague lilipata jengo zima mwaka 1927, pale bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya reptilia iliyobuniwa na Joan Procter. Aliweka joto la umeme lililotofautiana sehemu kwa sehemu, wanyama wajipimie wenyewe. Na nyoka wa kwetu wamewahi kuhitaji nyumba za namna hiyo. C. J. P. Ionides, bwana nyama wa Kiingereza aliyekaa Liwale, watu wakamwita Bwana Nyoka, alikamata koboko wa kijani wengi mno kwenye miembe na mikorosho ya Newala, na kutoka mikononi mwake nyoka hai walisafirishwa hadi nchi za baridi. Alifariki mwaka 1968. Kila ninapopita Newala asubuhi ya ukungu huwawazia nyoka wale ndani ya masanduku, wakilitafuta jua la mikorosho.

Lakini fundi mkubwa wa kazi hii hana randa wala patasi. Graham Alexander, mtafiti wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 2018 habari za chatu wa kusini, jamaa wa hawa tunaowaogopa huku Ruvuma. Jike hutaga ndani ya shimo la muhanga. Ngozi yake hugeuka nyeusi, hutoka kuota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, kisha hurudi shimoni kuyazungushia mayai joto alilolibeba. Muda wote huo hali kitu. Yakianguliwa, huendelea kuwapasha watoto kwa karibu wiki mbili.

Nilimsomea mjomba habari hiyo akiwa anapiga randa ubao. Hakusimamisha kazi.

"Na mtoto akitosheka na joto la mama?"

"Anatoka kwenye mkunjo wake."

Akatikisa kichwa, akapuliza maranda, akaomba nimpe kamba ya katani. Wiki iliyofuata mpwa wangu alituma picha: taa imehamia upande wa kushoto, ndani ya kikapu cha wavu, na chatu amelala nusu huku, nusu kule. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema ile bawaba ya mlango imepigwa misumari myembamba.