Kuijua Kapasita Bora ya Seramiki

Kapasita mbili za seramiki zinaweza kutoka kwenye pakiti zenye maandishi yaleyale, maikrofaradi 10 kwa volti 6.3, zikafanana rangi na umbo, na bado moja ikaifaa bodi na nyingine ikaiangusha. Maandishi hayo yanataja uwezo uliopimwa kapasita ikiwa haina mzigo. Fundi mzoefu huuliza jambo jingine: ikishabebeshwa volteji, ikapata joto, na bodi ikapinda, itabakiwa na uwezo kiasi gani? Ubora wa kifaa hiki umo katika jibu la swali hilo.

Kapasita ndogo za bodi zimetengenezwa kwa safu nyembamba za seramiki zinazopishana na safu za chuma, siku hizi aghalabu nikeli. Simu janja moja hubeba mamia yake, nyingine hata zaidi ya elfu moja. Nyingi hukaa jirani na prosesa. Prosesa inapotaka umeme mwingi kwa ghafla, chanzo cha umeme huchelewa kuitikia, na kapasita iliyo karibu ndiyo inayoziba pengo. Uwezo wake ukiwa umepungua, volteji huyumba, na simu huganda au hujizima.

Anza na herufi

Kabla ya bei, tazama herufi zinazotaja aina ya seramiki. C0G, inayoitwa pia NP0, ndiyo tulivu kuliko zote: joto halibadilishi uwezo wake kwa kiasi cha kusumbua, wala hauchakai kwa umri. Iweke kwenye saketi za redio, za kupima muda na za sauti. Kasoro yake ni kwamba haihifadhi chaji nyingi katika umbo dogo.

X7R na X5R hutengenezwa kwa titanati ya bariamu, inayohifadhi chaji nyingi mno. X7R hufanya kazi kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 za Selsiasi, na joto peke yake huruhusiwa kuubadilisha uwezo wake kwa asilimia 15 tu, juu au chini. X5R ina ahadi hiyohiyo, lakini huishia nyuzi 85. Y5V ni ya kuikwepa kwenye kazi nyeti: joto au baridi vinaweza kuipunguzia hadi asilimia 82 ya uwezo.

Pima volteji dhidi ya umbo

Hapa ndipo wengi hukosea. Seramiki ya titanati ya bariamu ikiwekewa volteji ya DC hupoteza uwezo, na kadiri volteji inavyokaribia kikomo ndivyo hasara inavyoongezeka. Kapasita ya maikrofaradi 10 yenye urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake ikifanya kazi karibu na kikomo hicho. Mita ya mkononi haitakuonyesha hasara hiyo, kwa kuwa hupima bila mzigo. Dawa ni kutafuta grafu ya mtengenezaji inayoonyesha uwezo dhidi ya volteji, na kuchagua umbo kubwa zaidi pale bodi inaporuhusu.

X7R na X5R pia huzeeka: uwezo hushuka polepole tangu zilipopata moto mkali mara ya mwisho. Moto wa kulehemu huurudisha juu. Kwa hiyo usiamini kipimo cha kapasita uliyotoka kuilehemu; iache siku nzima, ndipo uipime.

Kagua mwili

Chukua lenzi. Pembe ziwe nzima, na bati la ncha zote mbili liwe limefunika sawasawa. Adui mkubwa ni ufa. Bodi ikipinda, ufa huanzia chini, kwenye ukingo wa ncha ya chuma, ukapanda kwa mshazari ndani ya seramiki, na mara nyingi jicho haliuoni. Baadaye kapasita hupiga shoti na bodi huanza kuchemka. Ncha ya chuma cha kulehemu ikigusa seramiki moja kwa moja nayo huweza kuipasua, kwa hiyo pasha bodi moto kwanza. Kapasita iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu imepitia moto na mikono isiyojulikana. Usiiweke mahali penye mkondo mkubwa.

Kwenye chaja, usibembeleze

Kisahani cha seramiki, mara nyingi cha buluu, kinachovuka kati ya umeme wa ukutani na upande wa simu lazima kiwe na maandishi Y1 (au viwe viwili vya Y2 vilivyounganishwa mfululizo), volti za AC na alama za taasisi za usalama. Y1 hujaribiwa kwa pigo la volti 8,000, na Y2 kwa volti 5,000. Kisahani cha kawaida kilichoandikwa 2kV hakijathibitishwa kwa kazi hiyo, hata kama namba yake inaonekana kubwa. Kikipiga shoti, umeme wa ukutani hupata njia ya kumfikia mwenye simu. Chaja yenye kisahani cha namna hiyo isirudishwe kwa mteja mpaka kibadilishwe.

Swali la dukani

Iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, muulize muuzaji namba kamili ya mtengenezaji, iliyoandikwa kwenye roli ya mkanda wa kapasita au pakiti. Namba hiyo hukufikisha kwenye aina ya seramiki, umbo, kikomo cha volteji na grafu zake. Asipokuwa nayo, alichonacho ni uwezo wa bila mzigo tu, na wewe unanunua kitu kitakachobeba mzigo. Kwa taa ya mapambo, nunua ukipenda. Kwa simu, redio au chaja ya mtu, tafuta duka jingine.