"Chukua" na Kivuli cha Kiingereza

Lugha ya taifa haiharibiwi na maneno ya kigeni peke yake. Kitabu, meza, shule na baiskeli ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka nje. Yalifuata matamshi na sarufi yetu, na leo hakuna ayaonaye kuwa mageni. Ugeni ulio mgumu kutambulika ni ule usio na neno hata moja la kigeni ndani yake: kila neno ni la Kiswahili, lakini mpango wa mawazo ni wa lugha nyingine. Katika makala hii tutauchunguza ugeni wa namna hiyo kwa kulifuata neno moja fupi la Kiingereza, yaani "take", na kuona jinsi linavyolivuta neno letu "chukua" mbali na makao yake.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kidato cha pili ameagizwa kuandika insha juu ya safari ya darasa lake. Anaandika hivi: "Tulichukua basi saa moja asubuhi. Tulipofika tulichukua chai, halafu tukachukua picha nyingi. Mwenzetu mmoja aliumwa kichwa akachukua dawa. Mkutano na wenyeji ulichukua nafasi alasiri." Mwalimu atatafuta kosa la sarufi na hataliona. Lakini mzee asiyejua Kiingereza, akisomewa insha hiyo, atakuwa na maswali mengi. Basi lilichukuliwa likapelekwa wapi? Picha hizo zilikuwa za nani hata zikachukuliwa? Na huo mkutano, ulichukua nafasi ya nani?

Maswali ya mzee huyu si mzaha. "Kuchukua" katika Kiswahili kunahusu sana kubeba na kuhimili. Ndiyo sababu mbeba mizigo huitwa mchukuzi, na kazi ya kusafirisha watu na mali ikaitwa uchukuzi. Chombo huchukua shehena. Mwanamke huchukua mimba. Mtoto mwema huwachukua wazee wake, maana yake huwatunza. Watu wanaovumiliana husemwa kuwa wanachukuliana. Matawi haya yote yametoka katika shina moja: uzito uko juu yako, nawe unauhimili.

Shina la "take" ni jingine, nalo lina historia inayofaa kujulikana na walimu. Neno hilo halikuwa la Waingereza tangu mwanzo. Lililetwa na watu wa Skandinavia, waliovamia Uingereza na kulowea huko katika karne ya 9 na ya 10, na kwao maana yake ya kale ilikuwa kugusa na kushika. Wakati huo Waingereza walikuwa na neno lao wenyewe la kazi hiyo, "niman", ndugu wa neno ambalo Wajerumani wanalitumia mpaka leo. Maneno haya mawili yalikaa pamoja kwa karne kadhaa. Kidogo kidogo lile la wageni likapanuka, likashika kazi moja baada ya nyingine, na mwisho wa Zama za Kati lile la wenyeji lilikuwa limekwisha kuachwa katika usemi wa kawaida. Kizazi chake kilichobaki ni maneno machache tu, kama lile la kutaja ganzi na lile la kumsifu mtu mwepesi wa mwili.

Baada ya ushindi huo, "take" likawa miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi kabisa katika Kiingereza. Kwa neno hilo moja Mwingereza hupanda basi, hunywa dawa, hupiga picha, hufanya mtihani, hula kiapo, huoga, hupumzika, hupokea rushwa, huteka mji na kumpima mgonjwa joto. Akiongeza kijineno kidogo mbele yake, anavua nguo, na ndege yake inapaa. Tazama basi jinsi Kiswahili kilivyoigawa kazi hiyo. Kila jambo limepewa kitenzi kinachojua tabia yake: basi hupandwa, dawa hunywewa au humezwa, kiapo huliwa, mji hutekwa, joto hupimwa. Mwanafunzi anayeandika "chukua" mahali pa vitenzi vyote hivyo hakuongeza kitu katika lugha yake. Ameyafukuza maneno kumi ili moja likae.

Wako watakaouliza: je, Kiswahili nacho hakina maneno mapana? Kinayo. Sisi hupiga pasi, hupiga simu, hupiga hodi, hupiga magoti na hupiga kura, na katika hayo yote hakuna aliyeumizwa. Vilevile hula njama na hula hasara bila kufungua kinywa. Mwingereza atakayeyatafsiri hayo neno kwa neno atachekesha wenzake kama alivyotuchekesha mwanafunzi wetu. Kwa hiyo hoja yetu si kwamba lugha moja ni tajiri na nyingine ni maskini. Kila lugha imeigawa dunia kwa mikono yake yenyewe, na mwenye kuhama na mipaka ya lugha moja kwenda nayo katika lugha nyingine hupotea njia.

Wala si haki kulaani kila usemi uliozaliwa na tafsiri. "Kuchukua hatua" na "kuchukua muda" ni semi zilizokwisha kuzoeleka katika magazeti, katika mikutano na katika vitabu, na kuzing'oa leo ni kazi bure. Mhakiki ahitaji kipimo, si hasira. Kipimo tunachopendekeza kina maswali mawili. La kwanza: je, liko neno lililo hai linalolisema jambo hilo? Kama lipo, kama vile kupiga picha na kufanya mtihani, usemi mpya hauna haja. La pili: je, usemi huo una maana nyingine tayari? "Kuchukua nafasi" kuna maana yake: makamu huchukua nafasi ya mwenyekiti asiyekuwapo. Mkutano haufanyi hivyo, mkutano hufanyika. Hapa kosa si la mtindo tu, kwa sababu msomaji anaambiwa jambo ambalo halikutokea.

Chanzo cha hali hii hakijifichi. Hapa Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, lakini katika sekondari Kiingereza kiliendelea kushika usukani wa masomo. Kijana husoma fizikia na jiografia kwa lugha moja, kisha huandika insha kwa lugha nyingine, na mkono wake hauwezi kusahau upesi. Waandishi wa habari nao hutafsiri taarifa za nje kwa haraka, na usemi wao hurudi darasani ukiwa na heshima ya chapa. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, tangu ile kubwa ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, zimejaribu kutoa maana nyingi kwa neno moja. Tatizo ni kwamba msomaji mwenye haraka huokota la kwanza, akafunga kitabu.

Hasara yake inaonekana tukilitazama neno "twaa". Biblia ya Union ya mwaka 1952 inalitumia kwa wingi, na kwa wazee lilikuwa ndilo neno la kutia kitu mkononi na kukifanya chako. Siku hizi vijana wengi wanalijua katika habari za mpira tu: timu imetwaa kombe. Kwingineko "chukua" limekalia kiti chake. Yaliyolipata "niman" huko Uingereza yanaanza kulipata "twaa" kwetu. Kiingereza hakikufa kwa kupoteza neno moja, wala Kiswahili hakitakufa. Lakini Waingereza wa wakati ule hawakuwa na kamusi za lugha yao za kuwazindua. Sisi tunazo, na tukipoteza, tutakuwa tumepoteza kwa uvivu.

Msomaji mwangalifu atakuwa amekwisha kuona kwamba hata mwandishi wa makala hii, alipoanza kuonyesha makosa ya mwanafunzi, aliandika "tuchukue mfano", hali Kiswahili kina kutoa mfano. Neno lilipita chini ya kalamu bila kuulizwa. Basi tusimkaripie kijana kwa wino mwekundu peke yake. Mwalimu na aandike ubaoni lile neno fupi la Kiingereza, kisha awaombe wanafunzi wataje vitenzi vya Kiswahili vinavyogawana kazi zake, wakawaulize na wazee nyumbani. Orodha itakapojaa ubao, wataona wenyewe ni majirani wangapi ambao "chukua" lilikuwa likiwasukuma nje, na "twaa" litakuwa mmojawapo.