Kupokea Mavuno Yote: Namna Teikei Ilivyogawa Bei, Usafiri na Hasara

Uuzaji wa chakula moja kwa moja kutoka shamba la familia hadi jikoni kwa mlaji huelezwa mara nyingi kama njia ya kumwondoa dalali. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaficha jambo ambalo kila aliyejaribu biashara hiyo hukutana nalo mapema: dalali akiondoka, kazi zake hubaki palepale. Lazima apatikane mtu wa kupanga bei, kuchambua mazao, kuyasafirisha, kutafuta pa kupeleka ziada na kubeba hasara ya kilichooza au kilichokosekana. Mfumo wa Kijapani uitwao teikei, yaani makubaliano ya ubia kati ya kundi la walaji na mkulima au kundi la wakulima, unastahili kuchambuliwa kwa makini kwa sababu waasisi wake walizitazama kazi hizo bila kuzificha, wakaandika ni nani atakayezifanya, na matokeo ya mgawanyo huo yanaweza kufuatiliwa kwa miongo kadhaa.

Teikei ilizaliwa na hofu ya sumu. Ugonjwa wa Minamata, uliosababishwa na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali na kuingia katika samaki, ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini serikali ya Japani ilikuja kukiri chanzo chake mwaka 1968. Mwaka huohuo mafuta ya kupikia yaliyochanganyika na kemikali za viwandani yaliwadhuru maelfu ya watu magharibi mwa nchi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 viuatilifu vya DDT na BHC vilipigwa marufuku baada ya mabaki yake kuonekana katika vyakula, yakiwemo maziwa. Mwaka 1971 Teruo Ichiraku, mtu aliyekuwa amefanya kazi kwa muda mrefu katika vyama vya ushirika, alianzisha Chama cha Kilimo Hai cha Japani. Miaka michache baadaye, kati ya 1974 na 1975, mwandishi Sawako Ariyoshi alichapisha katika gazeti la Asahi Shimbun riwaya ya mfululizo kuhusu namna sumu mbalimbali zinavyojumlishana katika mwili wa binadamu, na riwaya hiyo iliwafikia akina mama wa nyumbani katika nchi nzima. Hao ndio waliokwenda vijijini kutafuta wakulima. Hawakufuata unafuu wa bei, na jambo hilo ni la kukumbukwa katika kila hatua ya uchambuzi unaofuata, kwa kuwa mnunuzi anayetafuta mayai ya bei nafuu na mnunuzi anayetafuta mayai asiyoyaogopa hawawezi kuwekewa mkataba wa namna moja.

Soko la jumla lililokuwepo halikuweza kuwahudumia. Tangu sheria ya masoko makuu ya jumla ya mwaka 1923, mboga za miji mikubwa zilipitia mnadani, na mnada unahitaji bidhaa zinazofanana ili mnunuzi aweze kutaja bei bila kufungua kila kasha. Kwa sababu hiyo mazao yalipangwa kwa madaraja: tango lilipimwa urefu, unene na kunyooka kwake, na lile lililopinda lilishushwa daraja au kukataliwa hata kama lilikuwa na ladha ileile. Mkulima asiyenyunyizia dawa, ambaye majani ya kabichi zake yalikuwa na matundu ya wadudu, alipata bei ya chini kabisa sokoni kwa sababu ya kasoro ambayo kwa mlaji mwenye hofu ya sumu ingekuwa ushahidi wa usalama. Aidha, saa nyingi za kazi ya familia ya mkulima ziliishia katika kupanga na kufungasha, kazi isiyoongeza lishe yoyote katika chakula.

Mwaka 1978 Chama cha Kilimo Hai kilitoa kanuni 10 za teikei. Baadhi yake zinahusu maadili ya ubia wenyewe, kama vile kusaidiana, kujifunza pamoja, kuendesha mambo kidemokrasia na kutokuza kundi kupita kiasi, na hizo hazihitaji kuchukua nafasi kubwa hapa. Uzito wa mfumo ulikaa juu ya kanuni ya tatu, iliyowataka walaji wapokee mazao yote yaliyolimwa kwa mpango uliokubaliwa, ya nne, iliyotaka bei ipangwe kwa pande zote mbili kulegezeana, na ya sita, iliyotaka usambazaji ufanywe na wahusika wenyewe.

Kanuni ya kupokea mazao yote inaonekana kama ukarimu kwa mkulima, lakini kiufundi ni bima yenye masharti kwa pande zote mbili. Mlaji hachagui, anakula kile ambacho shamba limetoa wiki hiyo. Katika tambarare ya Kanto inayozunguka Tokyo, maana yake ni kwamba kapu la mwezi Februari huwa na figili nyeupe ndefu, kabichi ya Kichina, karoti na magimbi, na wiki inayofuata huwa na vitu hivyohivyo, mara nyingi vikiwa na udongo na majani yake. Kisha hufika Aprili, wakati mazao ya baridi yanapoanza kutoa maua na kuwa magumu huku ya kiangazi yakiwa bado miche, na kapu huwa karibu tupu. Halafu Julai matango na biringanya hufurika kuliko familia inavyoweza kumaliza. Mlaji aliyezoea dukani, ambako tango hupatikana mwezi wowote, alilazimika kurudi kwenye maarifa ya kukausha figili na kuchachusha kabichi kwa chumvi, na wale ambao hawakuyapata maarifa hayo ndio walioona kwamba wanalipia chakula kinachooza jikoni.

Upande wa mkulima, kanuni hiyo ilibadilisha shamba lenyewe. Mtu anayeuza mnadani hupata faida kwa kulima zao moja kwa wingi, kwa sababu soko linaweza kumeza tani kadhaa za kabichi kwa siku moja. Mtu ambaye mavuno yake yote yanakwenda kwa kaya chache zilezile hawezi kufanya hivyo, maana kaya hizo zina matumbo yenye kikomo. Analazimika kupanda makumi ya aina za mazao kwa mwaka, kwa zamu, katika vipande vidogo, na kufuga kuku na ng'ombe wachache ili yapatikane mayai, maziwa na samadi. Kilimo mseto, ambacho vitabu vya kilimo hai hukisifu kwa sababu ya rutuba na udhibiti wa wadudu, hapa kilikuwa pia tokeo la moja kwa moja la masharti ya mauzo. Uhusiano huu kati ya mkataba na ramani ya shamba ndio sehemu ya teikei iliyofikiriwa vizuri zaidi, na ndiyo inayosahauliwa na wengi wanaoiga mfumo huu kwa kuweka mboga kwenye kapu na kuziuza kwa wateja walio huru kuacha kile wasichokitaka.

Usambazaji ulikuwa na kasoro ambayo haikuonekana mwanzoni. Kwa kawaida mkulima alipeleka mazao kwa gari hadi kituo cha mtaa, yaani nyumba au uwanja wa mwanachama mmoja, na hapo wanachama walipima, wakagawa na kubeba. Baadhi yao pia walikwenda shambani kusaidia kupalilia wakati wa msimu wa kazi nyingi. Wengi waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake wasio na ajira ya mshahara, na saa zao hazikuandikwa popote katika hesabu ya bei. Mfumo ulionekana wa gharama nafuu kwa sababu kazi ya mgawaji ilikuwa imehamishwa kutoka kwa mtu anayelipwa kwenda kwa mtu asiyelipwa. Wanawake wengi zaidi walipoingia katika kazi za mshahara, vituo vya mitaa vilikosa watu, na nafasi yao ilichukuliwa na mashirika ya kuwapelekea wateja chakula cha kilimo hai nyumbani, mojawapo likiwa Daichi o Mamoru Kai, lililoanza mwaka 1975. Ni haki kusema kwamba mashirika hayo yalikuwa dalali aliyerudi, lakini ni haki pia kukiri kwamba yaliilipia kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa bila malipo.

Swali gumu kuliko yote lilikuwa la bei, na kuhusu hilo mfano wenye mafunzo mengi ni shamba la Shimosato katika mji wa Ogawa, mkoa wa Saitama, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Shamba hilo la familia, lenye ukubwa wa takriban hekta 3, liliendeshwa na Yoshinori Kaneko, aliyeanza kilimo hai mwaka 1971. Mwaka 1975 aliingia katika makubaliano na kaya 10, ambazo zililipa ada maalumu ya kila mwezi na kwa malipo hayo zikapokea mchele, mboga, mayai na maziwa. Mpango huo ulivunjika baada ya miaka miwili hivi. Ada ilikuwa ileile kila mwezi lakini kapu lilikuwa likibadilika, hivyo kila mwezi wa mavuno haba uliwapa wanachama nafasi ya kulinganisha walichopokea na walichokilipia, na kulinganisha huko kulifanywa kwa kutumia bei za dukani, yaani kipimo cha soko lilelile walilotaka kulikimbia. Ada maalumu ilikuwa imeondoa mnada bila kuondoa tabia ya kuhesabu ambayo mnada huzaa.

Baada ya hapo Kaneko hakutafuta ada sahihi zaidi. Aliacha kabisa kutaja bei. Alipeleka mazao kama ziada ya chakula cha familia yake mwenyewe, na kila kaya ikatoa shukrani kwa kiasi ilichoona kinafaa na kinachowezekana kwa mfuko wake. Mpango huo wa shukrani ulidumu, na kaya zilizohudumiwa zilifikia kama 30. Msomaji mwenye uzoefu wa biashara ana sababu ya kuutilia shaka, kwa kuwa mpokeaji anaweza kutoa kidogo mno, au kuaibika kwa kutojua kinachostahili. Lakini kudumu kwake hakuwezi kuelezwa kwa wema wa wateja peke yake. Ili mkulima aweze kuishi na mapato asiyoyajua kabla, gharama zake za fedha taslimu lazima ziwe ndogo, na shamba la Shimosato lilijengwa kwa namna hiyo hasa: samadi na mboji zilichukua nafasi ya mbolea za dukani, mbegu nyingi zilihifadhiwa shambani, kinyesi cha ng'ombe kilizalisha gesi ya kupikia huku majimaji yaliyobaki yakirudishwa shambani kama mbolea, na trekta liliendeshwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Mkulima mwenye deni la mbolea na dizeli hawezi kungoja shukrani. Kwa hiyo namna ya kulima ndiyo iliyoibeba namna ya kulipwa, na anayeiga ya pili bila ya kwanza ataanguka mapema.

Njia nyingine ya kutatua tatizo hilohilo ilipatikana Marekani, katika shamba la jumuiya la Temple-Wilton, New Hampshire, lililoanzishwa mwaka 1986 na Trauger Groh na wenzake, na ambalo chimbuko lake liko zaidi katika mashamba ya Ulaya kuliko Japani. Huko wakulima huweka mezani makadirio ya gharama zote za mwaka, ikiwemo riziki yao wenyewe, kisha kila kaya huahidi kiasi inachoweza. Jumla ikipungua, ahadi huombwa tena hadi pengo lizibwe. Tofauti na mpango wa shukrani ni kwamba hapa hesabu huonekana na wote na mkulima anajua mapato yake kabla ya kupanda, lakini mipango yote miwili inakubaliana kwamba kinacholipiwa ni uhai wa shamba kwa mwaka mzima, na kilo ya nyanya haina bei yake.

Kuhusu uhakika wa ubora, mabishano yalikuja baadaye. Kanuni za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliruhusu lebo ya kilimo hai kwa mazao yaliyothibitishwa na mkaguzi aliyesajiliwa tu, na wakulima wengi wa teikei hawakuona sababu ya kulipia ukaguzi ilhali walaji wao waliingia shambani kwa miguu yao. Hoja hiyo baadaye iliingia katika mifumo shirikishi ya uhakiki, ambamo wakulima na walaji hukaguana wenyewe kwa utaratibu ulioandikwa. Mifumo hiyo imeenea pia Afrika Mashariki, ambako alama ya Kilimohai imekuwepo tangu kiwango cha pamoja cha kanda kilipozinduliwa mwaka 2007.

Tukio lenye uzito zaidi katika historia ya Ogawa, hata hivyo, halikutokana na kaya. Kwa miaka 30 Kaneko alilima akizungukwa na majirani waliotumia viuatilifu, ambao waliyaona mazao yake na wateja wake lakini hawakumfuata, kwa sababu uhusiano wa mtu mmoja na familia 30 za mjini haukuwa kitu ambacho kijiji kizima kingeweza kukirudia. Walianza kubadilika mwaka 2001, na walianza na soya, kwa kuwa mtengenezaji wa tofu wa eneo la jirani alikubali kununua mavuno yote kwa fedha taslimu na kwa bei iliyozidi ya soko. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha pombe ya mchele mjini humo kilikuwa kimeanza kununua mchele wa kilimo hai kwa mpango unaofanana, na kuanzia mwaka 2009 kampuni moja ya ukarabati wa nyumba ilianza kununua mchele wa kitongoji cha Kaneko kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mwaka 2010 kitongoji kilipewa Kombe la Mfalme, tuzo ya juu kabisa ya kilimo nchini humo.

Kwa tafsiri kali, wanunuzi hao walikuwa watu wa kati, kwani tofu na pombe ya mchele huuzwa na mtu asiyelima. Walichokichukua kutoka teikei ni kanuni ya tatu: kupokea mavuno yote kwa bei inayojulikana kabla ya mbegu kuingia ardhini, na hiyo ilitosha kuwafanya wakulima wa kawaida, wengi wao wazee, waache dawa walizozizoea. Mazao yaliyoingia katika mipango hiyo yalikuwa soya, mchele na ngano, yaani yale yanayokaa ghalani na kumngoja mnunuzi. Mboga za majani na matango ya Julai, ambayo hayangoji mtu, yaliendelea kutegemea kaya, vibanda vya mauzo na wakulima vijana waliohamia Ogawa, na kwa mazao hayo bado haijapatikana ahadi ya kupokea yote inayoweza kushika kitongoji kizima.