Kila Jiwe na Mahali Pake

Ukitoka mjini Homa Bay kwa barabara ya Mbita, ziwa likiwa mkono wa kulia, utaona nyumba mpya zikipanda mteremko. Ni nyumba nzuri. Wenyewe wametoa jasho miaka mingi Nairobi, Kisumu na ng'ambo, kisha wamerudi kujenga mahali ambapo upepo wa ziwa huingia dirishani alasiri. Kila mmoja amechagua kwa moyo wake: huyu paa la vigae, yule mabati ya rangi ya udongo, huyu kabro kutoka getini hadi barazani, yule nyasi za kubandika na mitende iliyopangwa kama askari wa gwaride. Geti ni la chuma, jeusi, lenye maua ya kuchomelea. Ukuta ni wa matofali na saruji, na juu yake kuna seng'enge.

Lakini ukizunguka nyuma ya karibu kila kiwanja utakuta rundo la mawe. Yalichimbuliwa msingi ulipokuwa ukichimbwa, yakasukumwa kando, na sasa yanangoja lori liyapeleke kutupwa. Mimi pia nilikuwa na rundo langu, katika kipande cha ardhi upande wa Migori. Fundi aliponiuliza, "Mwalimu, haya mawe tuyatupe wapi?" sikuwa na jibu. Nilimwomba siku chache. Siku hizo nikazitumia kwenda Thimlich Ohinga, na niliporudi sikuweza tena kuliita rundo lile takataka.

Thimlich iko Kaunti ya Migori, kilomita zipatazo 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, katika nchi ya mawe, vichaka na udongo mweusi. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa msitu mzito wa kutisha, na ohinga ni boma kubwa lililozungushiwa ukuta. Hapo pana maboma manne makuu: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Wanaakiolojia hukadiria kwamba kuta hizo zilianza kujengwa katika karne ya 16. Wala haziko peke yake. Utafiti wa Isaya Onjala ulihesabu mamia ya maboma ya aina hii yaliyotawanyika katika eneo tuliloliita zamani Nyanza Kusini, yaani Migori na Homa Bay za leo. Hatukosei basi tukisema kwamba watu wa huku walikuwa na mitaa ya nyumba za fahari kabla ya mchoraji ramani wa kwanza kukanyaga hapa.

Simama mbele ya ukuta wa Kochieng uutazame kwa macho ya mtu anayejenga. Mahali pengine umekupita kimo mara mbili, na unene wake ni mita moja na zaidi. Hauna saruji, hauna chokaa, hauna hata udongo wa kushikanisha. Hauna msingi uliochimbwa. Umekaa juu ya ardhi kama ng'ombe aliyelala. Kwa kweli ni kuta mbili zilizokumbatia ya tatu. Uso wa nje na uso wa ndani zimepangwa kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa, na katikati pamejazwa mawe madogo yanayozishika nyuso hizo mbili. Pale ukuta ulipohitaji nguvu zaidi, wajenzi waliuegemezea nguzo za mawe hayo hayo. Ukuta unazunguka, unapinda, unafuata ardhi ilivyo. Hutaona kona kali ya mraba, maana kona ndiyo huanza kubomoka.

Huko Great Zimbabwe waashi waliichonga itale ikawa vipande vinavyofanana, wakavipanga safu juu ya safu. Lamu walikata matumbawe na kuyaunganisha kwa chokaa. Fundi wa Thimlich hakuchonga wala hakuunganisha. Aliokota. Alilichukua jiwe kama Mungu alivyoliumba, lenye tumbo upande mmoja na ncha upande wa pili, akalitafutia mwenzake. Ufundi wake wote ulikuwa wa kuchagua.

Kuchagua huko si kazi ndogo. Jaribu mwenyewe na mawe kumi tu. Utaona kwamba kila jiwe lina uso wake wa kutazama nje na mgongo wake wa kukaa chini, na ukiligeuza vibaya litacheza. Jiwe linalocheza leo litaanguka kesho na kuvuta majirani zake. Inakubidi ulikamate, ulizungushe mkononi, ulijaribu, ulitoe, ulizungushe tena. Jiwe la juu likae juu ya mawili ya chini, lifunike mwanya kati yao, ili nyufa zisipangane zikawa njia moja ya kuporomokea. Mwashi wa saruji anaweza kukosea akajaza kosa lake kwa mwiko. Mwashi wa mawe makavu hana cha kujazia. Ukuta wake unasimama kwa sababu kila jiwe limebebwa na mengine na lenyewe limebeba mengine, na uzito ambao ungeuangusha ndio unaoukaza.

Tulifundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeisema methali hiyo mbele ya wanafunzi mara nyingi, na bado ni ya kweli kwa ukuta wa saruji. Pale Thimlich nimejifunza sura yake ya pili: kuna ukuta ambao nyufa ndizo zimeulinda. Mvua ikinyesha, maji hupita katikati ya mawe yakaenda zake. Hayakusanyiki nyuma ya ukuta yakausukuma. Udongo mweusi wa huku hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi hadi ufa unaweza kumeza mkono. Juu ya udongo kama huo ukuta mgumu hupigana na ardhi hadi upasuke. Ukuta wa mawe makavu hujisogeza kidogo, hutulia, huendelea. Aliyeujenga aliijua ardhi yake kuliko ninavyoijua yangu, na alikuwa tayari kuiachia nafasi ya kupumua.

Kisha kuna mlango. Nimeona mageti mengi ya fahari njiani, lakini hakuna lililonifanya nifikiri kama mlango wa ohinga. Ni mdogo na wa chini, umefungwa juu kwa mawe marefu bapa yaliyolazwa kutoka upande hadi upande. Unaingia umeinama. Adui aliyekuja na mkuki aliingia kichwa mbele, akitazama chini mbele ya yule anayemngoja. Mgeni wa heri naye aliingia kwa kuinama vilevile, na kuinama huko kukawa ndiyo salamu yake ya kwanza. Jiwe moja limefanya kazi ya ulinzi na kazi ya adabu. Ndani, katikati, palikuwa na mazizi ya mifugo, maana ng'ombe ndio waliokuwa wakitafutwa na wavamizi. Nyumba zilikaa pembeni, na alama za mviringo za sakafu zake bado zinaonekana. Mawe ya kusagia yapo. Mashimo ya ajua, bao la Waluo, yapo pia juu ya jiwe, na huwezi kuyatazama usiwaze wazee waliochutama hapo wakihesabu kete huku jicho moja likiwa mlangoni.

Waliojenga kuta hizi ni akina nani? Wa kwanza huenda walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Waluo waliingia baadaye, na makundi mbalimbali yakapokezana maboma haya kizazi baada ya kizazi. Kila kundi lililohamia lilikuta ukuta, likaishi ndani yake, likaurekebisha. Haikuwalazimu kuubomoa ili wauelewe. Jiwe lililoanguka liliinuliwa likarudishwa, na aliyelirudisha hakuhitaji kujua lugha ya aliyeliweka kwanza. Maandiko yake yalikuwa pale pale, kwenye uso wa jiwe na nafasi lililoiacha. Sijui sifa kubwa zaidi ya kumpa fundi kuliko hii: kazi yake ilieleweka na mgeni aliyekuja baada yake, naye akaweza kuiendeleza.

Vita vya kunyang'anyana ng'ombe vilipopungua, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watu walitoka ndani ya mawe wakajenga madala, yaani makazi ya familia, yaliyozungushiwa ua wa mimea. Waliotoka hawakuuacha ufundi wa kupanga. Katika dala la Mluo, nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hutazamana na lango. Ya mke wa pili na ya mke wa tatu hukaa huku na huku. Na simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, hukaa karibu na lango, kwani wao ndio wa kutoka kwanza panapotokea kelele usiku. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, aliyaandika mengi ya desturi hizi katika kitabu cha Kijaluo alichokichapisha 1938. Mgeni aliyesimama langoni aliweza kuisoma familia nzima kabla hajaambiwa jina la mtu. Hata ua ulikuwa umechaguliwa kwa akili: ojuok, ule mnyaa wenye utomvu mweupe ambao mifugo haiugusi, ambao ukikata tawi na kulichomeka ardhini linaota hata mvua ikichelewa.

Serikali ya Kenya iliitangaza Thimlich kuwa eneo la kumbukumbu ya kitaifa katika miaka ya 1980, na Makumbusho ya Kitaifa ndiyo yanayoitunza. Mwaka 2018, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Novemba mwaka huo huo, katika mkutano mwingine uliofanyika Port Louis, Mauritius, UNESCO iliutambua ufundi wa kujenga kwa mawe makavu kuwa urithi wa wanadamu, kwa maombi ya nchi nane za Ulaya: Kroatia, Kupro, Ufaransa, Ugiriki, Italia, Slovenia, Hispania na Uswisi. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yananigusa. Wakulima wa Ulaya walipeleka ufundi ulio hai mikononi mwao, wenye vyama vyake na wanafunzi wake. Sisi tulipeleka kuta. Natamani siku moja tupeleke na mikono.

Mikono hiyo haiko mbali. Iko katika mitaa hii mipya, kwa sababu hapa ndipo fedha za ujenzi zilipo na ndipo watu wanapochagua. Simwambii mtu abomoe ukuta wake wala alale katika nyumba ya nyasi. Mtu aliyejinyima apate nyumba ya kudumu anastahili heshima, na usalama wa watoto wake ni jambo la kweli leo kama ulivyokuwa katika karne ya 16. Ninachosema ni kwamba kiwanja huja na mali yake kabla hujanunua chochote. Kina mawe, kina mteremko, kina njia ambayo maji yamezoea kupita, na pengine kina mti wa siala unaotoa maua ya manjano, au mkuyu ambao babu wa jirani aliukuta. Mitende ya dukani huomba maji kila jioni. Siala haukuombi kitu, na baada ya miaka michache unakupa nguzo. Nyumba inayoanza kwa kuuliza "hapa pana nini?" huwa nzuri kwa namna ambayo haipitwi na wakati.

Niliporudi nilimwambia fundi tusitupe hata jiwe moja. Kiwanja changu kinateremka, na kila masika maji yalikuwa yakibeba udongo wa bustani hadi barabarani. Nilimwomba anijengee ukuta wa kukinga udongo, wa kimo cha goti, bila saruji. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Akaniambia babu yake alikuwa akipanga mawe hivyo kwenye mipaka ya shamba, na yeye akiwa mtoto ndiye aliyetumwa kuyaokota. Aliweka kando pima maji, akavua koti. Makubwa akayaweka chini, uso wa ukuta akaulaza kidogo kuelekea mlimani, nyuma akajaza kokoto. Kazi ya asubuhi moja ikawa kazi ya siku nne, kwa kuwa alikuwa akiongea na kila jiwe. Mara kwa mara alilizungusha moja mara tatu, akalirudisha chini na kusema, "Hili bado. Liache, litapata mahali pake."

Mvua za Aprili zilikuja. Nilisimama barazani nikatazama maji yakitokeza katikati ya mawe, meupe, yakiwa yameuacha udongo nyuma. Asubuhi yake jiwe moja la juu lilikuwa limeteleza. Nilishuka, nikalizungusha mkononi kama nilivyomwona akifanya, nikalirudisha, nikaligonga. Halikucheza.

Ukuta ulipokwisha yalibaki mawe kama kumi na matano. Msaidizi alitaka kuyachukua kwa toroli. Fundi alimzuia, akayapanga nyuma ya ukuta, chini ya siala, pale ambapo mtu anaweza kuyafikia kwa urahisi. "Hayo si mabaki, mwalimu," aliniambia. "Hayo ni ya atakayekuja kurekebisha."