Fundi Asiyebadilisha Kitu

Kompyuta ya kuunga mwenyewe ikikataa kuleta picha, feni zinazunguka, taa zinawaka na skrini ni nyeusi tii, mshtakiwa wa kwanza huwa kadi ya grafiki. Sababu ni bei. Mara nyingi ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya kasha, na mwenye kompyuta alijinyima mengi kuipata. Hofu humpeleka pale pesa yake ilipo, hata kama ubovu uko kwingine. Ninayetaka kumsifu hapa ni yule asiyeifuata hofu hiyo: fundi anayejua kutafuta kabla ya kubadilisha.

Huanza na mambo ya bure. Waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi au kwenye mazabodi? Swali la kitoto, na wateja huchukia kuulizwa, lakini lisipoulizwa saa nzima inaweza kupotea. Kisha, kama prosesa ina uwezo wake wa kutoa picha, anaing'oa kadi kabisa na kuhamishia waya kwenye mazabodi. Picha ikitokea, mazabodi, prosesa na ramu vimejitetea kwa pamoja, na ushahidi wote haujagharimu hata shilingi. Prosesa za Intel ambazo majina yake huishia na herufi F hazina uwezo huo, kwa hiyo itabidi itafutwe kadi nyingine ya kujaribia. Fundi makini huwa na kadi kuukuu ya namna hiyo kwenye droo, isiyoweza kuchezesha gemu lolote la maana, na hata umpe bei gani hakuuzii.

Kadi ikishatoka, miguu yake ya dhahabu inafutwa kwa spiriti. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hilo si jambo la kudharau. Unyevunyevu na chumvi ya bahari havichagui kifaa. Wapo wanaosugua kwa kifutio cha penseli. Kinasafisha kweli, ila tabaka la dhahabu pale ni jembamba mno na kila msuguo hula kidogo. Spiriti inatosha. Kisha kadi inarudishwa na kusukumwa mpaka kibanio cha sloti kilie.

Halafu umeme. Sloti hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji wati 200 lazima ipate zilizobaki kwa waya kutoka pawa saplai: plagi ya pini sita huongeza 75, ya pini nane 150. Pawa saplai ya bei poa inaweza kuandikwa ubavuni wati nyingi isizoweza kuzitoa, na ikafanya kazi vizuri siku nzima ya kuandika barua na kutazama filamu. Gemu linapopamba moto, kompyuta inazimika puu. Anayeilaumu kadi hapo anaionea.

Lakini utamu wa kazi hii uko katika kusikiliza wakati. Skrini ikijaa mistari na vipande vya rangi visivyo mahali pake, fundi huuliza: vinaanza lini? Vikionekana tangu nembo ya mazabodi inapotokea, kabla Windows haijaamka, basi draiva imeachiwa huru, kwa kuwa dakika hiyo haijapakiwa bado. Anayemaliza jioni yake akiifuta na kuisakinisha upya anatoka jasho la bure. Macho yaelekezwe kwenye chipu za memori au chipu kuu. Vikisubiri Windows ipande, draiva inabaki kwenye orodha ya washukiwa. Vikisubiri mpaka kadi ichemke, tunarudi kwenye mambo ya joto: feni iliyokwama, vumbi lililoziba mapezi ya kupozea, pesti iliyokauka ikapasukapasuka. Dalili ni ileile, na saa ya kutokea kwake ndiyo inayotenganisha kazi ya brashi na kazi ya wiki nzima.

Ndipo mita inapotolewa mfukoni, na hapa wengi hujikwaa. Chipu kuu ya kadi hufanya kazi kwa takriban volti moja, kwa hiyo kadi ya wati 200 hupitisha humo zaidi ya ampea mia. Njia ya kubeba mkondo kama huo huwa na ukinzani mdogo sana. Kwenye kadi kubwa mita inaweza kusoma chini ya omu moja, na ukiiweka kwenye mlio italia kana kwamba kuna shoti. Anayeanza akiusikia mlio huo huitangazia kadi msiba. Mzoefu hashtuki, anajua kadi ya ukoo ule husomaje ikiwa nzima. Mlio huohuo ukitoka kwenye njia ya volti 12, basi hakuna ubishi: kuna transista au kapasita iliyokufa.

Ipi sasa, kati ya nyingi zinazofanana? Mwenye uwezo hutumia kamera ya joto. Asiye nayo huipaka kadi spiriti, akaingiza umeme mdogo wa volti moja hivi kwenye njia yenye shoti, kisha akatulia na kukodoa macho. Sehemu inayovuta mkondo hupata joto, na spiriti iliyo juu yake hukauka kabla ya jirani zake. Kwangu mimi hilo ni onyesho zuri kuliko yote katika ufundi wa umeme, nalo linafanyika kwa chupa inayopatikana duka la dawa.

Ipo tiba maarufu nisiyoisifu: kuioka kadi kwenye oveni. Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika lehemu ya vifaa vya umeme, na Julai 2008 Nvidia ikatangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa malighafi za ufungashaji, hasa kwenye kompyuta za mkononi. Watu wakaamini kwamba lehemu mpya ndiyo iliyopasuka na kwamba joto lingeiyeyusha tena, wakaoka, na kadi nyingine zikafufuka kweli. Ila lehemu isiyo na risasi huyeyuka karibu nyuzi 217, na mapishi yaliyosambaa yalitaja nyuzi 200 au pungufu. Lehemu haikuyeyuka. Joto liliweza tu kuvigusanisha tena kwa muda viunganishi vidogo vilivyo ndani ya chipu, na baadaye giza likarudi. Kumuuzia mtu kadi iliyotoka oveni ni wizi, na atakayekula mkate wa oveni hiyo ana haki ya kulalamika pia.

Mnunuzi wa kadi ya mtumba ana la ziada. Mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum ulipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni kwa wingi. Baadhi, hasa za AMD kama RX 580, zilikuwa zimebadilishwa bayosi, yaani programu ya msingi iliyo ndani ya kadi yenyewe, na wachimbaji, na draiva ya kawaida inaweza kuikataa kadi ya hivyo ikaonekana mbovu. Kuirudishia bayosi yake ya asili kunatosha. Kadi nyingine hata zina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua kati ya bayosi mbili: unasukuma kwa ukucha, kadi inapona.

Na uponaji wa namna hiyo ndio unaozua ugomvi wa malipo. Mteja wa Kariakoo, au wa Luthuli Avenue kule Nairobi, amezoea kulipia kitu anachokishika. Mwambie, "Bosi, kadi yako nzima, nimesukuma swichi," atakuuliza alipie nini. Ndiyo maana wapo mafundi wanaodanganya kwamba wametia kapasita mpya. Uongo huo siutetei, ila najua nani kauzaa. Wenye msimamo hutoza pesa ya kuangalia kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, na hairudishwi. Wateja hununa. Ningekuwa mimi ningeipandisha, na kwenye risiti ningeandika kila kilichopimwa, kwa mpangilio kilivyopimwa, pamoja na namba za mita, ili kadi ikipelekwa kwa mwingine mwezi ujao asianze tena na waya wa skrini.